Wazee wa Januari Mosi

Saa mbili asubuhi, Jinja. Hasifa Nangobi, mtunza kumbukumbu wa kliniki moja ya binafsi, anabonyeza kitufe na kusubiri. Ameandika mistari sita tu ya programu. Inaliuliza jedwali la wagonjwa wa tawi la Mbale: ufunguo wako mkuu ni upi? Yaani, unamtofautishaje mgonjwa huyu na yule?

Jibu linakuja papo hapo: jina na tarehe ya kuzaliwa.

Hasifa anafunika uso. Jedwali hilo alilitengeneza mwenyewe miaka sita iliyopita, kazi yake ya kwanza.

"Mimi nilikuwa naona iko sawa tu," anasema. "Nilisahau wazee yetu."

Wazee wengi wa huku hawajui siku waliyozaliwa. Karani akikwama, huandika Januari mosi na kukisia mwaka. Basi, huko Mbale, Isa Mafabi wa Wanale na Isa Mafabi wa Busiu wakawa mtu mmoja, Januari mosi 1950. Wa Busiu alipokuja, aliandikwa juu ya mwenzake, na onyo kwamba mzee wa Wanale asidungwe penisilini likafutika.

Mwezi mmoja kabla ya asubuhi hiyo alidungwa. Kesho yake akazikwa.

"Nilimwambia nesi, mama nyabo, hii sindano inamkataa mzee," anasema binti yake, Halimah. "Akasema komputa haionyeshi."

Kifo hicho ndicho kilichomtuma Hasifa kulihoji jedwali. Risiti za usajili, zisizo na majina, ni 2,318. Jedwali lina watu 1,906. Watu 412 wamemezwa na wenye majina yao, na kadi zao za karatasi zilioza mafuriko yalipoingia stoo. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Chakula inanishinda," anasema Hasifa. "Mimi ndiye nilimuua huyo mzee."

Tangu asubuhi hiyo kila mgonjwa ana namba yake, lakini namba haimrudishi aliyefutika. Kila Jumamosi Hasifa huenda Mbale na daftari, akiuliza nyumba kwa nyumba wazee wa Januari mosi wanakaa wapi. Amepata kumi na tisa.

Mmoja ni Isa Mafabi wa Busiu, ambaye kliniki ilikuwa imeshamwandika marehemu mwenzake alipokufa, maana rekodi yao ilikuwa moja.

"Kwa komputa yenu nimekufa mimi ama yeye?" mzee alimuuliza.

Hasifa alifungua daftari. Alimwandikia namba, akamwuliza dawa zinazomdhuru, akaaga.

Wamebaki 393, na hajui ni akina nani.

"Naomba Mungu tu," anasema, "niwafikie mbele ya sindano."