Joka Langu la Kujikunja

Mimi ni mtu wa polepole. Nakula polepole, natembea polepole, na hata nikikasirika, hasira hunifikia mtu mwenyewe akishaondoka. Nyumbani walinizoea. Shangazi yangu, dada yake baba, hakunizoea kamwe, na ndiye niliyeishi naye Mjimwema, Songea, nilipomaliza kidato cha nne nikawa nasubiri matokeo.

Shangazi alikuwa na damu ya biashara. Nchi ilikuwa imeshafunguka, bidhaa za kila namna zinapanda kutoka Dar, na yeye baada ya kuuza vitenge, kisha sabuni, akaamua kufungua banda la gemu Majengo. Chumba kimoja, televisheni moja, mashine moja ya mtumba, mabenchi mawili, na pazia zito dirishani ili jua lisipige kioo. Sheria ilikuwa fupi: unalipia mechi, na anayefungwa anapisha. Vijana walikuja kwa ajili ya mpira. Kazi yangu ilikuwa kufungua asubuhi, kupokea hela, na kucheza na mteja aliyekuja peke yake.

Kati ya diski zetu ilikuwepo moja ya wanyama wa kupigana. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani, kwa hiyo tulijifunza kwa kubonyeza na kuona kinachotokea. Unachagua mnyama, unamlea kwa kumpiganisha, akikomaa unamhifadhi kwenye memori kadi, halafu unampambanisha na wa mwenzako. Kila mmoja anatoa amri moja kwa zamu yake, kama watu wanaocheza bao. Mgeni yeyote alichagua joka, kwa sababu ya sura yake: pembe, magamba, makucha. Na mgeni yeyote alilitupa baada ya mechi moja, maana joka lile lilikuwa halijui kupigana. Likimng'ata adui, ni kama limemtekenya. Lilijua mambo matatu tu: kujikunja mpaka magamba yakakaza, kulala likarudishiwa uhai, na kutema sumu kidogo iliyomla adui taratibu, zamu baada ya zamu.

Nililipenda siku ile ile. Nikalilea asubuhi kabla ya wateja, mvua ikipiga bati, nje tope tupu, chai ya rangi ikinipolea pembeni. Nilikuwa na furaha, nasema bila haya. Mtihani niliusahau kabisa. Rafiki zangu walikuwa hawalali wakiwaza matokeo, mimi nawaza jinsi ya kulilaza joka bila kuunguzwa.

Likakomaa, na likaanza kushinda. Wenzangu walikuja na simba wenye umeme na mamba wenye meno mawili mawili, wakapiga, wakapiga, joka limejikunja tu, na sumu inafanya kazi yake. Tatizo ni kwamba mechi moja ya joka ilikula muda wa mechi tatu za mpira. Benchini watu wakawa wanapiga miayo.

"Braza, shambulia basi!" alinipigia kelele fundi baiskeli mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote wa kudai mpira. "Hilo ni joka au kobe?"

Nikajikunja.

Shangazi aliligundua jambo lile Jumapili moja alipopitia bandani akitoka misa. Alisimama mlangoni na mwavuli wake, akatazama mechi ikianza, akaenda sokoni, akarudi, akaikuta haijaisha.

"Mwanangu," alisema, "mteja mmoja kalipia mechi moja, kakaa mpaka mboga zangu zimenyauka. Na hawa wote wanasubiri bila kulipa."

"Subira yavuta heri, shangazi."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na tumbo lenyewe ni langu." Akalitazama joka pale kwenye kioo. "Isitoshe, ni joka. Kwenye Ufunuo malaika wanalitupa chini, mimi nalifuga Majengo!"

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini wiki ile memori kadi ikajaa. Fundi baiskeli na wenzake walitaka kuhifadhi ligi yao ya mpira, na nafasi haikuwepo. Shangazi akasema joka lifutwe. Hapo sikucheka. Kwa mara ya kwanza maishani hasira ilinijia mtu angali mbele yangu. Nikamwambia shangazi kwamba lile joka nimelilea mwenyewe, tangu likiwa na magamba laini, na kwamba hakuna kitu kingine chochote katika dunia hii nilichokiweza kuliko watu wengine.

Hakuwa amenizoea nikisema maneno mengi hivyo.

"Haya," alisema. "Jumapili utacheza na mwalimu. Ukimshinda kabla umeme haujakatika, libaki. Ukishindwa, au umeme ukikatika bado mnakodoleana macho, nalifuta kwa mkono wangu, na ligi inaingia."

Umeme wa Songea wakati ule ulikuwa wa mgao, na upande wetu Jumapili ulikatwa saa kumi na mbili jioni. Huyo mwalimu alikuwa kijana wa Tanga aliyepangiwa sekondari mojawapo ya mjini. Alikuwa na ndege wa moto aliyemaliza mechi kabla hujakaa vizuri. Shangazi alijua anachofanya.

Jumapili ikafika. Banda lilijaa, kwa kuwa vijana wa mpira walikuja kusimamia nafasi yao.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo nakuchomea joka lako, inshallah."

Alichoma kweli. Zamu ya kwanza nusu ya uhai iliondoka. Nikatema sumu, nikajikunja, nikalala. Akachoma tena, nikajikunja. Mstari wa uhai wa ndege ukawa unapungua kama sabuni ya kufulia, huoni inavyoisha ila unaona imeisha.

"Wallahi kiumbe hiki hakina adabu," alisema mwalimu, akifuta jasho.

Mwanzoni benchi lilizomea. Halafu nikasikia pumzi ya mtu shingoni kwangu, na alikuwa fundi baiskeli. "Usilale sasa," alininong'oneza. "Jikunje kwanza, halafu ndiyo ulale." Mwingine akambishia, akasema nilale. Wakaanza kugombana nyuma yangu juu ya magamba, watu ambao majuzi tu walikuwa wakiniita kobe. Mlangoni shangazi alikuwa ameshafika, anaangalia saa ya mkononi.

Tukafika mahali ambapo ndege alikuwa na uhai mwembamba kama uzi, na joka langu vile vile. Sumu ingemaliza kazi mwisho wa zamu ile, ila moto ungetangulia. Nikilala, moto utayakuta magamba yamelegea. Nikijikunja, huenda yakahimili, huenda yasihimili.

"Bonyeza!" banda zima lilinipigia kelele. "Saa inakwenda!"

Sikuharakishwa. Niliwaza mpaka nikaridhika, kisha nikabonyeza kujikunja. Ndege akafungua mabawa, moto ukajaa kioo chote, na umeme ukakatika.

"Aaaah!"

Sijasikia kilio kama kile hata uwanjani timu ya mkoa ikifungwa. Mwalimu alijipiga paja. Kioo kilibaki cheusi, na ndani ya pazia lile zito hatukuonana sura. Makubaliano yalikuwa wazi na kila mtu aliyasikia. Nikaiweka chini ile pedi ya kuchezea.

"Haya, shangazi," nilisema. "Umeme ukirudi, lifute."

"Mama, usifute kwanza," alisema mtu gizani, na sauti ilikuwa ya fundi baiskeli.

"Nifute vipi," shangazi alijibu kwa ukali, "na mimi sijaona mwisho wake?" Akavuta pazia, mwanga wa jioni ukaingia, akamgeukia mgeni wake. "Mwalimu, kesho unatoka shule saa ngapi?"