Watu Mia na Saba wa Fundi Meno

Rachadi hakuwa daktari, na alikuwa mwepesi wa kulisema hilo kabla mtu hajamkosea jina. Katika hospitali ya Moroni daktari aling'oa meno, yeye akatengeneza ya kuziba pengo. Alikaa chumba cha nyuma, chenye dirisha moja na mashine ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani, akichonga magego ya watu wa Ngazija nzima. Akikutana nao sokoni aliwatambua kwa kicheko kabla ya sura. Walimwita Fundi Meno. Alikuwa mgane wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Mutsamudu kisiwani Nzwani, mtu wa maneno machache na vidole visivyotetemeka.

Visiwa vya Komoro vilipojitangazia uhuru, Julai 1975, daktari wake alikuwa kijana wa Kifaransa. Kufikia mwisho wa mwaka Wafaransa waliitwa kwao, na huyo akafungasha kwa siku mbili, akaacha hata viatu. Kabatini Rachadi alikuta boksi lenye picha ya ndege ya abiria, propela nne, inapita juu ya mawingu. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu, vya kuundia ndege ndogo ya mfano, vilivyoshikana kwenye vijiti kama dagaa waliotungwa. Alitazama, akafunga, akaandika juu ya kifuniko kwa penseli: Mali ya daktari. Akangoja barua ya kuliulizia. Haikuja.

Alikuwa na dada mmoja tu, Koultoumi, mdogo wake kwa miaka sita, aliyeolewa Majunga, huko Madagaska. Desemba 1976 habari za mauaji ya Wakomoro mjini Majunga zilifika Moroni vipande vipande, leo hili, kesho lile. Baada ya hapo zikaanza kuja meli na ndege za kuwarudisha walionusurika.

Rachadi alikwenda uwanja wa ndege wa Hahaya siku nne mfululizo. Siku ya nne ilitua ndege isiyofanana na zilizotangulia. Ilikuwa na propela nne na tumbo refu, na mbavu zake zilikuwa tupu, bila dirisha hata moja. Askari aliyekuwa karibu alisema hiyo ni ya mizigo, watu watakuja na inayofuata. Umati ukaanza kurudi kivulini.

Ndipo mlango ulipofunguliwa. Haukuwa mlango wa mtu. Ni kama ukuta mzima wa ndege ulichukuliwa, na nyuma yake pakabaki giza. Rachadi aliangalia lile giza, akaona macho.

Walikuwa wamesimama wima, wamebanana. Ngazi ya mbao ikaletwa, wakaanza kushuka mmojammoja, wakifinya nyuso kwa jua. Walitoka ishirini. Walitoka hamsini. Hata pale mtu alipodhani sasa basi, bado walikuwa wanatoka, na kwenye umati hakuna aliyepiga kelele. "Subhanallah," alisema mzee mmoja kando ya Rachadi, polepole, kama mtu anayetazama mwezi ukipatwa.

Koultoumi alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Alikuwa miguu mitupu, ameshika kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili. Sufuria haikuwepo. Mumewe hakuwepo. Rachadi alimfunika bega kwa koti lake.

Miezi ile iliyofuata Koultoumi alizungumza habari za chumvi, kuni na saa za sala. Juu ya Majunga hakusema neno. Jirani akiuliza, alisimama akachukua ufagio.

Aprili 1977 serikali ya Ali Soilih ikawaachisha kazi watumishi wake, na makabrasha ya ofisi yakachomwa moto. Chumba cha meno nacho kikafungwa. Rachadi alichukua vifaa alivyonunua mwenyewe: visu, tupa, misumeno myembamba, taa ya spiriti. Msimamizi wa stoo alimwambia abebe na makopo ya nta na ya unga wa kutengenezea fizi bandia yaliyokwisha kufunguliwa, maana yangeharibika tu. Boksi la daktari lilikuwa limetupwa kwenye rundo la taka uani. Akaliokota. Wiki ile ile yeye na dada yake wakapanda meli, wakarudi Mutsamudu, kwenye nyumba ya mawe ya mama yao, katika kichochoro ambacho wanawake wawili wenye mabeseni hawapishani bila kuombana radhi.

Pale hapakuwa na kazi. Mtu wa kazi ya mikono akikosa kazi, mikono humwuma. Siku ya kumi Rachadi alifuta kwa kidole maneno aliyoyaandika, akafungua boksi.

Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kifaransa. Ilisema kila kipimo cha ndege ya kweli kimegawanywa kwa mia na arobaini na nne. Rachadi alipiga hesabu pembeni mwa karatasi, kisha akaenda jikoni, akarudi na punje mbili za mchele. Akazilaza mezani, ncha kwa ncha.

"Hizo za nini?" aliuliza Koultoumi.

"Huyo ni mtu mzima. Mtu mzima akiingia ndege hii, urefu wake ni huo."

Koultoumi aliinama akaziangalia zile punje. "Huo tu?"

"Huo tu."

Kesho yake Koultoumi alileta chai, akakuta nusu mbili za mwili wa ndege zimelazwa mezani kama samaki aliyepasuliwa, kila nusu na safu yake ya matundu. Akasimama na kikombe mkononi.

"Ile yetu haikuwa na madirisha," alisema.

Rachadi aliweka tupa chini taratibu, kana kwamba kuna ndege wa kweli dirishani ambaye angeruka. Katika miezi minne hilo lilikuwa neno la kwanza la dada yake juu ya safari ile.

"Basi nitayaziba," alijibu.

Aliyaziba kwa fizi. Alichanganya ule unga wa waridi na maji yake yenye harufu kali, akajaza tundu moja moja kwa ncha ya sindano, akangoja likauke, akalisugua kwa msasa. Ubavu wa ndege ukawa na safu ndefu ya fizi bila jino hata moja. Koultoumi alipouona alicheka, mkono mdomoni, akajishangaa.

Ukafika wakati wa kukata ule mlango mkubwa. Hapo walibishana. Rachadi alikuwa ameuchora ubavu wa kulia, kama alivyoukumbuka.

"Kushoto, kaka," alisema Koultoumi.

"Nilikuwa nimesimama mbele yake, Koultoumi. Niliuona."

"Wewe uliuona. Mimi nilipita." Akasimama katikati ya chumba, akafumba macho, akanyoosha mkono wa kulia. "Nilipotoka bawa lilikuwa huku. Propela moja ilikuwa bado inazunguka polepole, na upepo wake ulinipiga shavu hili, la kulia."

Rachadi alichukua nusu ya ndege, akajiweka pale mlangoni kwa mawazo, uso nje. Mlango ulikuwa nyuma ya mabawa; bawa likiwa kulia, lazima uwe ubavu wa kushoto. Alifuta mstari wake. Kisiwa kizima hakikuwa na plastiki nyingine kama ile, angekosea mara moja tu. Alikata kwa msumeno wa unene wa unywele, siku tatu, akishusha pumzi kila baada ya mivuto miwili.

Rangi ya fedha aliipata bandarini, kwa mpaka rangi aitwaye Elamine, kijana mnene mwenye sauti ndogo. Elamine aliileta mwenyewe kwenye kopo la nyanya. Alipoingia na kuona zile nusu mbili mezani, aliweka kopo sakafuni, akasogea, akagusa kwa kidole mahali nyuma ya mlango.

"Mimi nilikaa hapa," alisema.

Koultoumi alimtazama sana. "Wewe ndiye uliyekuwa na kiatu kimoja mapajani."

Elamine alikaa chini palepale. "Cha kaka yangu," alisema.

Siku hiyo Rachadi alifahamu kwamba ndege yake ilikuwa bado haina kitu. Aliwasha taa ya spiriti, akapasha sindano, akakata tonge la ile nta nyekundu ya kupimia meno, akamfinyanga mtu aliyeketi, kichwa chake kama mbegu ya ufuta. Mapajani akampa kitone. Akambandika Elamine mahali pake.

"Mwingine," alisema Koultoumi. Hakuwa anaomba. Alikuwa ameanza.

Alijua wote. Hakujua majina, lakini aliwajua watu. Mbele kabisa, mwanamke aliyevaa shati la mwanamume. Karibu naye, mzee ambaye tasbihi yake ilikatika, akawa anahesabu kwa viungo vya vidole. Nyuma ya mzee, dada wawili waliofunga ncha za shiromani zao, nguo zao za kujitanda, pamoja wasipotezane. Rachadi alifinyanga, akasikiliza. Aliwahi kusikia watu waliohifadhi Kurani nzima na kuwastaajabia. Sasa alikuwa anamwona dada yake akisoma giza safu kwa safu, bila kurudi nyuma.

"Uliwashikaje wote?" alimwuliza.

"Palikuwa na taa moja, na hapakuwa na dirisha. Ningeangalia nini? Niliwaangalia watu."

Habari zikatembea. Kutoka Patsy, kijiji cha juu mlimani, alishuka Saoudat, aliyeitwa Bweni kama waitwavyo wanawake wa heshima, bibi wa wajukuu kumi, akaomba aonyeshwe alipo. Wakaja na wengine waliopanda ndege ile, wakarekebisha: huyu alikuwa amesimama, yule alimlaza mkewe begani. Vijana wa kamati ya mtaa ya serikali nao walikuja, na bunduki, kuuliza mikutano hii ni ya nini. Kiongozi wao aliinama mezani na uso wa ukali. Alikaa ameinama muda mrefu. "Wako wangapi?" aliuliza mwishowe. "Mia na saba," alisema Koultoumi. Vijana wakatoka mmojammoja, na yule wa mwisho alirudisha mlango taratibu.

Ilipobaki kuunganisha nusu mbili, Bweni Saoudat alikataa. "Mkiifunga hatutaonana tena, wanangu."

"Mlango utabaki wazi, Bweni," alisema Rachadi. Akaipaka gundi, akaifunga kwa uzi, akaiacha siku mbili. Kisha akampa Bweni Saoudat kioo cha daktari wa meno, kile cha mviringo chenye mpini mrefu, na mwenyewe akashika tochi. Bibi alipenyeza kioo mlangoni kama anayetafuta jino bovu. Ndani ya duara lile dogo wakatokea watu wekundu, safu baada ya safu, wamejaa hadi mkiani, mwanga ukiteleza juu ya vichwa vyao. Mkono wa bibi ulitulia.

"Ndio sisi," alinong'ona. "Ewe Mola, ndio sisi."

Mei 1978 serikali ilipinduliwa. Baada ya miezi kadhaa chumba cha meno kilifunguliwa tena, Rachadi akaitwa Moroni. Ndege aliiacha kwa Koultoumi. Huko hospitalini alikuja mwanamke aitwaye Moinafouraha, mwuza vitambaa, kupimwa meno ya mbele. Nta ikiwa bado mdomoni, machozi yakamlengalenga, na Rachadi akadhani amemwumiza. Hapana. Alikuwa amesikia habari za ile ndege. Kaka yake, Soulé, alikuwa fundi cherehani Majunga, na mtu mmoja aliapa kwamba alimwona akipanda ndege ya mizigo isiyo na madirisha. Karibu miaka miwili alikuwa anamwekea sahani kila mlo.

Rachadi aliomba ruhusa ya siku nne, wakavuka wote hadi Mutsamudu.

Koultoumi alimkaribisha mgeni, akaulizia alama za Soulé. Mrefu, alisema Moinafouraha, ana kovu kidevuni na hukohoa kabla ya kusema. Koultoumi alichukua kioo na tochi, akaanza mbele. Alimtaja kila mtu aliyekaa pale, alivyovaa, alichoshika, na kila mara alisema, "Huyu siye." Rachadi alikaa kando, hakuthubutu hata kunywa chai. Adhana ya alasiri iliwakuta nusu ya ndege. Wakasali, wakaendelea. Kwa warefu wawili Koultoumi alisita, akafumba macho, akawaangalia upya huko alikowaweka. Siye. Siye. Alifika mkiani jua likiwa limeshuka ukutani.

"Bweni," alisema, akazima tochi, "kaka yako hakuwemo."

Moinafouraha akauliza, "Umewapita wote?"

"Wote. Hata mimi mwenyewe nimejipita."

Rachadi alingoja kilio, na kilikuja, lakini hakikuwa kile alichokiogopa. Mwanamke alilia kama aliyetua mzigo, akamshika Koultoumi mikono. "Watu wote waliniambia pengine," alisema. "Pengine yuko Majunga, pengine yuko njiani. Mtu hasomewi hitima kwa pengine."

Akaomba isomwe palepale, Ijumaa, kabla hajarudi, kwa kuwa ndani ya nyumba ile walikuwapo waliotoka alikotoka Soulé. Elamine alileta kondoo kwa mkokoteni wa bandarini. Bweni Saoudat alishuka na watu wa Patsy. Mwalimu aliyeongoza hitima alipouliza jina la marehemu, Moinafouraha alimtaja kaka yake na baba yake. Elamine akamtaja wake. Ndipo Koultoumi, aliyekuwa nyuma ya pazia na wanawake, akalitaja kwa sauti jina la mumewe, Hamidou, na la baba wa mumewe. Rachadi hakuwa amelisikia jina hilo mdomoni mwa dada yake tangu Hahaya. Aliinamisha kichwa.

Jumamosi asubuhi walimsindikiza mgeni bandarini. Meli ilikuwa inapakia, na Koultoumi alibeba kapu la Moinafouraha mpaka kwenye ngazi, wakizungumza njia nzima bei ya vitambaa Moroni, na kama mgeni akileta nyuzi, Koultoumi ataweza kuvishona.