Nilifuta Tisa, Nikaandika Nne

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Si shetani, si pombe, wala si ile serikali ya jeshi ya miaka ile. Mkono ulioshika kifutio ulikuwa wangu!

Jina langu niachieni. Nilikuwa karani wa stoo kambini, hapa hapa Kampala, nikikaa Kisugu na dada yangu Zaitun na mumewe Opio. Opio alikuwa askari kutoka kaskazini, na ndiye aliyegawa mipira katikati ya uwanja kwenye timu ya kambi. Sisi Waislamu, yeye Mkristo, lakini sahani yetu ilikuwa moja.

Mimi mpira sijui kuupiga, ila nilibuni mchezo wake. Uwanja niliuchora kwenye ubao, vizibo vya soda vikawa watu, na kila mchezaji wa timu yetu nilimkatia kadi kutoka maboksi ya sabuni. Kadi ilikuwa na namba mbili: Mguu na Utulivu. Ukitaka kutoa pasi unarusha dadu mbili. Mchezaji akiwa huru, tunatazama Mguu. Akibanwa na kizibo cha adui, tunatazama Utulivu. Dadu zikizidi namba yake, mpira umepotea.

Wengi walidhani Mguu ndio kila kitu. Wapi! Katikati ya uwanja nani atakuachia nafasi? Mwenye mguu wa kumi na utulivu wa nne ni hasara tupu. Opio nilimpa Mguu saba, Utulivu tisa, na sikumpendelea. Nilimwona kwa macho yangu amezungukwa na watu watatu, ametulia kama anayechagua nyanya soko la Nakasero, kisha pasi inafika.

Tulicheza baada ya chakula cha mchana, kwenye baraza la stoo. Opio alichukua kadi yake mwenyewe akanifunga siku baada ya siku. Siku moja akanifunga sita, watu wamejaa, akacheka: "Shemeji, wewe mwenyewe umetengeneza hii kitu, na bado inakupiga!"

Baraza zima likaangua kicheko. Nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Walipoondoka nikafuta tisa, nikaandika nne. Hasira za kitoto, jamani, na ndevu ninazo!

Kesho yake pasi zake zikapotea moja baada ya nyingine. Akaitazama kadi, akaona. Nilingoja anigombeze. Akatikisa kichwa tu: "Eh, kumbe umeona nimeshuka."

Aliliamini jicho langu kuliko mguu wake. Nikazirusha dadu zangu.

Sasa, Sajenti aliyekuwa kocha wetu alikuwa ameanza kupanga timu kwa zile kadi. Na kila mtu kambini alijua kwamba mwenye jezi hapelekwi vitani mpakani. Siku ya kupunguza wachezaji akaja stoo, kadi ya Opio mkononi.

"Wewe karani. Hii namba ni ya kweli?"

Neno moja lingetosha! Lakini umwambie mkubwa, miaka ile, kwamba umechezea kitu anachokitumia? Watu walipotea kwa madogo kuliko hayo. 

"Ndiyo, afande."

Banange, jamani, nilisema ndiyo!

Jezi akapewa mwingine. Wiki haikuisha, lori likaja. Zaitun alikuwa na mimba ya miezi saba. Opio akanivuta pembeni, mimi nikidhani ananiachia mke, naye akanipa ile kadi, aliyorudishiwa na Sajenti.

"Shemeji, nitunzie hii karatasi yangu. Nikirudi nitafanya mazoezi, hii namba ipande."

Hata pale sikusema. Lori likawashwa, nikapunga mkono.

Hakurudi. Barua hakuna, mwili hakuna, kaburi hakuna. Zaitun alizunguka ofisi za usalama kule Nakasero na tumbo lake mpaka walinzi wakamfukuza. Alijifungua mtoto wa kiume, na sasa amekua, ana mguu wa baba yake. Majuzi dada akaniuliza, sahani ziko mkononi mwake: "Kaka, ni kweli Opio aliachwa timu sababu alikuwa anatetemeka? Mtoto wanamucheka nayo."

Nikamjibu kwamba sijui. Miaka yote hii, na bado nikasema sijui!

Ndugu zangu, ukipewa kalamu ya kumpima mwenzako, usiishike ukiwa na hasira. Na ukishaharibu, sema siku ile ile, hata kama unaogopa, maana kesho yake kuna mtu ameshaisoma namba yako na kuiamini. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Wangu ananiita mjomba, na kila jioni ananiomba nimsimulie baba yake.

Kadi bado ninayo. Nimefuta ile nne nikaandika tisa, nikaona haikai vizuri, nikafuta tena, mpaka boksi limetoboka pale pale.

Zaitun, kama kuna mtu atakusomea haya, mwambie mtoto. Baba yake alikuwa tisa. Aliyetetemeka ni mimi.