Leo Jumamosi, Mama

Shangazi yangu watu walimwita Chiriku, na si kwa kuimba tu. Akianza kupiga soga, chai inapoa na mgeni anasahau kilichomleta. Jambo moja tu hakuligusa: vita.

Kabla ya vita aliimba na bendi katika ukumbi nyuma ya kituo cha mafuta. Vita vilipoanza, jeshi likaichukua bendi nzima, wakazungushwa kambi hadi kambi, jukwaa lao tela la lori. Askari walimpenda kupita kiasi, kwa sababu alijua kuwatania. "Wewe mwenye masikio, nani alikuruhusu kuoa?"

Baada ya nyimbo, askari mmoja mmoja alipanda kumtumia mama yake salamu, fundi wa redio akirekodi. Kanda zilichukua siku tisa, kumi, kufika mjini, na kipindi kilikuwa cha Jumamosi. Fundi alitaka wasikilizaji wadhani mambo yanatokea papo hapo. Basi hata ikiwa Alhamisi, Shangazi alimalizia hivi: "Leo Jumamosi, mama, mwanao yuko hapa mbele yangu, buheri wa afya!" Hakuona ubaya wowote.

Dereva mmoja wa gari la maji, kijana mwenye mwanya, alitoa salamu zake Alhamisi, akacheka mpaka fundi akakasirika. Jumatatu akalipuliwa na bomu la ardhini. Jumamosi kicheko chake kikasikika redioni.

Mama yake, mshonaji wa sare za shule, alipopata barua ya jeshi aliitazama tarehe, akairudisha kwenye bahasha. Mtu aliyekufa Jumatatu atachekaje Jumamosi? Wamekosea mtu. Majirani waliokuja kumpa pole akawafukuza.

Vita vilipokwisha akamtafuta Shangazi. Tangu hapo alikuja kila mwaka, na shati jipya alilomshonea mwanawe.

"Hebu niambie tena, mwanangu. Jumamosi ile alikuwaje?"

"Mzima, mama. Anacheka."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikwenda miaka ishirini na tisa, nami nilikulia ndani yake. Shangazi aliacha kuimba kabisa. Jumamosi redio haikuwashwa nyumbani kwetu. Nikiwa mdogo alinichapa kofi kwa kuimba nikiosha vyombo, nikamchukia, na sasa najuta. Mara nyingine nilimkuta amesimama jikoni, maji yanafurika kwenye beseni, anamjibu mtu ambaye mimi simwoni.

"Nitamwambia," alikuwa akisema. "Mwakani nitamwambia."

Mwaka jana mama yule alikuja akishikiliwa mkono na binti wa jirani. Akalitandaza shati mezani. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine kwa vidole vitatu.

"Macho yamekwisha," akasema. "Hili ndilo la mwisho. Akirudi, mpe wewe."

Shangazi aliuvuta ule mkono mfupi, akaunyoosha, kana kwamba ungerefuka. Kisha akaanza kusema. Alisema yote: Alhamisi, fundi, kanda, siku tisa. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai, nikaogopa hata kulitua.

Mama akalikunja shati taratibu, kola juu.

"Kwa hiyo barua ilisema kweli."

"Ndiyo, mama."

"Na watu waliokuja kulia nami niliwafukuza. Leo hayupo hata mmoja." Akapangusa macho kwa kiganja, kikatoka kikavu. "Miaka yote hii mwanangu hajaliliwa. Mimi machozi sina tena. Wewe una sauti. Mlilie."

Shangazi akafungua kinywa. Ile sauti iliyonyamazisha kambi nzima haikuja. Alijaribu tena, na kilichotoka ni kile kile.

"Leo Jumamosi, mama..."

Mama yule akapapasa mezani mpaka akaupata mkono wa Shangazi.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Leo Jumatatu. Lia."