Makusu ya Juu na ya Chini

Sina hakika kama nakumbuka sawasawa, maana daftari langu la siku zile limeliwa na mchwa pembeni. Lakini mistari ya mkusu, mti wa matunda matamu ya porini, bado inasomeka. Nilisoma mpaka darasa la nne kwa wamisheni, na kitu cha kwanza nilichoandika bila kuagizwa na mwalimu ni hiki: "Mkusu una maua. Ameondoka leo."

Mume wangu alikwenda Tanga kukata mkonge, kama wanaume wengi wa kwetu wakati wa Mwingereza. Kwao ni Makambako, ila tulijenga kwetu, huku juu Njombe, kwa kuwa baba alitugawia shamba. Mwezi wa kurudi hakutaja. Alisimama chini ya mkusu nyuma ya nyumba, akasema, "Makusu yakianza kuanguka, njoo unipokee kwa mama, Makambako. Turudi pamoja."

Nikasema haya.

Kwetu kusu halichumwi. Hupandi mti, hutikisi tawi. Unaokota lililoanguka lenyewe. Wazee walisema ukichuma mti unanuna. Basi kazi yangu ikawa kungoja. Niliandika maua yalipopukutika. Niliandika vitunda vilipofikia punje ya hindi, na baridi ya Julai ilipovikausha vingine. Kila asubuhi nilitazama chini ya mti kabla sijawasha moto.

Mvua zilipokaribia, dada yangu alirudi kutoka sokoni Makambako.

"Mumeo nimemwona. Yuko kwa mama yake wiki ya tatu sasa, ananenepa."

"Mwongo wewe!"

"Nenda kamuulize. Labda amekupatia mwenzako wa kukusaidia kuteka maji."

Alicheka. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Hata chumvi aliniletea. Lakini mimi nililia. Nilitoka nikautazama mkusu: makusu yote mabichi, hakuna hata moja chini. Kama hanitaki tena, nilijiuliza, kwa nini alinipa ahadi ya mti ninaouona kila siku?

Ndipo nikafanya jambo ambalo mama yangu hakulijua mpaka anakufa. Nilinyoosha mkono nikachuma moja, gumu kama jiwe, nikalifunga kwenye pindo la kitenge.

Nilitembea siku mbili. Nilimkuta uani kwao, amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Chini ya mikusu yao makusu yalikuwa yameoza, nyuki wamejaa.

"Kamwene," nikamsalimu.

"Kamwene." Hakuinuka. "Nilidhani umenichoka. Kila jioni nakwenda barabarani kukutazama. Makusu yanakwisha, mke wangu."

Mama mkwe akadakia kutoka jikoni, "Au huko kwenu huwa yanaanguka kwenda juu?"

Nikafungua pindo, nikampa mume wangu lile bichi. Akaligeuzageuza, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Umechuma?"

"Nilitaka uone."

Akainuka. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikapu kilichofunikwa majani. Alikuwa ameniokotea mazuri tangu siku ya kwanza, na karibu yote yalikuwa yamechacha. "Haya yalikuwa yako," akasema. Tulipata matatu mazima. Moja tulimpa mama mkwe.

Nimejaribu mara nyingi kuligawa kosa lile kwa haki. Yeye hakusema makusu ya wapi, na ndiye aliyeishi kote kuwili. Mimi sikuuliza, na nilijua baridi yetu inavyochelewesha kila kitu, hata mahindi. Naona ni nusu kwa nusu, ingawa siku nyingine naona langu lilizidi, kwa sababu niliamini maneno ya sokoni kwa usiku mzima.

Mwaka uliofuata tawi lile nililochuma halikuzaa. Huenda ni baridi tu, siwezi kuapa.

Lakini mwaka ule tulirudi juu pamoja. Siku ya kumi na mbili baada ya kurudi, nikiwa sijawasha moto, nilisikia kitu kimedondoka nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa bado amelala. Nikachukua daftari, nikaandika: "Limeanguka. Yupo."