Mkungu wa Yustus kwa Dokta Mutalemwa

Yustus, mwalimu wa sekondari kule Kihanga, alikuwa amemwandikia msimamizi wake wa tasnifu ya uzamili barua pepe kumi na saba, akajibiwa moja. Hiyo moja ilisema: "Nimepokea." Aliisoma mara tisa, kisha akamwonyesha mkewe, Vero. Vero akauliza kapokea nini, maana Yustus alikuwa amesahau kuambatisha kazi yenyewe.

Dokta Mutalemwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuadimika tu. Simu yake iliita mpaka ikajichokea. Ofisini kwake chuoni kulikuwa na koti juu ya kiti, na katibu wake aliapa kwamba koti likiwepo, Dokta yupo. Yustus alishasafiri mara nne kwenda kuonana na koti.

Tasnifu yake ilihusu sababu zinazowafanya wakulima wa Karagwe na Kyerwa wapuuze kanuni za kuzuia mnyauko wa migomba. Ilikuwa tayari, imechapwa, ina jalada. Ilikosa saini moja tu ya Mutalemwa kwenye fomu ya kuruhusu iwasilishwe. Usajili wake ulikuwa unakwisha tarehe thelathini, zimebaki Jumamosi mbili. Asipopata saini, miaka minne imekwenda na maji, na mkuu wa shule, aliyekwisha kuanza kumwita "Masta" mbele ya wanafunzi, angerudi kumwita Yustus.

Haya yote angeyavumilia. Kilichomkausha mate ni Mudathir.

Mudathir alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Kayanga. Babu yake alikuja na vitambaa kutoka Tanga, na tangu hapo hakuna mtu wa ukoo ule aliyepanda hata mchicha. Yeye na Yustus walisoma darasa moja la uzamili, wakapangiwa msimamizi mmoja. Basi siku moja Yustus alikwenda kununua misumari.

"Sura ya nne imepita," Mudathir akasema huku akipima misumari.

"Imepita wapi?"

"Imepita, ndugu yangu. Dokta kaikubali. Imebaki kumalizia tano, nipate saini."

"Alipokea simu?"

"Dokta apokee simu!" Mudathir akacheka mpaka mizani ikatikisika. "Nenda kwake Ihembe Jumamosi. Huwa yupo nyumbani."

"Wewe huwa unampelekea nini?"

"Mimi? Sipeleki kitu."

Yustus alirudi Kihanga na misumari ikimchoma rohoni. Mwenye duka la mabati asipeleke kitu! Kichwani alishaiona nyumba ya Dokta imeezekwa upya, mabati ya rangi, misumari ya bure.

"Yeye ana mabati, Vero. Mimi nina nini?"

"Una migomba," Vero akamjibu. "Na una wivu."

"Si wivu. Ni uchunguzi."

Jumamosi asubuhi akaingia kwenye kibanja chake, akachagua mkungu ambao hata jirani alikuwa akiusalimia. Akaukata pamoja na lile ua lake la zambarau linaloning'inia chini, kwa kuwa mkungu usio na ua aliuona kama bwana harusi asiye na tai. Akaufunga kwa majani mabichi ya mgomba usichubuke njiani.

"Baba Kokugonza," Vero akaanza, "hivi ile tasnifu yako si inasema..."

"Nimechelewa!" Akapanda bodaboda, mkungu umekaa katikati kama mama mkwe.

Ihembe alikuta mlango wa Dokta umefungwa. Lakini nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, kulikuwa na sauti ya mtu anasoma. Yustus akanyata na mkungu wake begani, akachungulia.

Dokta Mutalemwa alikuwa na ufito mrefu wenye panda, ananyonga maua ya migomba mmoja baada ya mwingine, wadudu wasiyaletee mnyauko, yanaanguka pu! Nyuma yake Mudathir, amevaa mabuti, anasoma sura ya tano kwa sauti kama anahubiri.

"'Bei ilipanda kwa kiasi kikubwa...'"

"Kiasi gani? Mimi sinunui kiasi kikubwa. Weka namba. Endelea, mwanangu."

Mwanangu! Kisha Dokta akatoa mfukoni kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni wa heshima, akamgawia. Yustus akahesabu mitafuno ya Mudathir mpaka kumi na nne, ndipo akashindwa. Kwamba yeye, mtoto wa migombani, amebisha hodi kwenye intaneti mwaka mzima, na huyu wa misumari kaingia kwa mlango wa shambani!

Akajitokeza. "Shikamoo, Dokta!"

"Marahaba. Simama hapo hapo! Usisogee na hicho kitu!"

"Ni zawadi, waitu," Yustus akasema kwa heshima ya kikwao.

"Umeitoa wapi?"

"Kihanga."

"Kihanga kwenye mnyauko. Na majani yake. Na ua lake! Yustus, sura yako ya pili inasemaje?"

Moyo wa Yustus ukaruka: kumbe ameisoma! "Inasema... mkungu usisafirishwe na majani wala ua, kwa sababu hubeba vimelea."

"Vizuri. Mudathir, mletee jembe. Yustus, nje ya uzio. Chimba, uuzike."

Akachimba. Mudathir akasimama pembeni, anatafuna kahawa yake. Dokta akaja kusimama juu ya shimo.

"Huku ukichimba, nisomee hitimisho la sura ya nne."

Yustus alikuwa analo kichwani. "'Sababu kuu ya wakulima kupuuza kanuni ni ukosefu wa elimu.'"

"Wewe umekosa elimu?"

"Hapana, Dokta."

"Sasa huu mkungu umefikaje kwangu?"

Yustus akautazama mkungu, akayatazama mabuti ya Mudathir. "Wivu, Dokta."

"Basi, hiyo ndiyo sura ya nne! Rudi kwa wakulima wako. Usiwaulize wanajua nini. Waulize ule mkungu walikuwa wanampelekea nani. Jumamosi ijayo uje mikono mitupu."

Wiki hiyo Yustus alizunguka vijiji vya Kihanga na Ndama baada ya vipindi. Mzee Byarugaba alikiri kwamba alipeleka mkungu na majani yake ukweni kwa sababu mkwe mwenzake alikuwa ametangulia na mbuzi. "Mkungu usio na majani, mwanangu, si unaonekana umeokotwa?" Wengi walisema hivyohivyo, kila mmoja na mbuzi wa mwenzake.

Jumamosi Yustus aliunyanyua ufito tangu asubuhi hadi adhuhuri, ananyonga maua, anasoma sura ya nne aliyoiandika upya. Dokta akafuta hiki, akapindua kile, mwishowe akaiweka fomu kwenye paja lake akatia saini. Ya Mudathir ikafuata.

Njiani kurudi, Yustus alimwomba Mudathir fomu yake, eti ahakikishe tarehe. Akaziweka mbili pamoja juu ya kiti cha bodaboda, akazitazama kwa muda.

Saini kwenye fomu ya Mudathir ilikuwa na mkia mrefu zaidi.