Mwaridi Nilioukata Kabla ya Harusi ya Zuhura

Nakumbuka asubuhi moja hapa hapa Temeke, enzi za Mwingereza, nina miezi minne tu kwenye ndoa, nilichukua panga nikaukata mwaridi wa mama mkwe wangu. Usicheke mwanangu, nawe unaingia kwenye ndoa, subiri nimalize.

Baba mkwe sikumkuta, alishafariki. Alikuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja upande wa Oysterbay, na huko ndiko alikopata kijiti cha mwaridi ule wa zamani. Maua yake madogo, mekundu ya kupauka, wala hayajionyeshi, lakini harufu yake, jamani! Ukiweka moja kwenye sanduku, kanga zinanukia mwezi mzima. Kwa kuwa mchanga wetu ulikuwa unautesa, aliubebesha, yaani alikipachika kijiti kishikane, juu ya shina la mwaridi wa porini lenye nguvu, akaupanda uani. Alipougua akamwambia mkewe, "Zuhura akiolewa, kikuba chake kitoke hapa." Kikuba unakijua: waridi, asumini na rihani vinafungwa pamoja, bi harusi anavalishwa kifuani. Zuhura alikuwa kitinda mimba wao, na baba yake alimpenda kupita kiasi.

Posa ikaja, harusi ikapangwa mfungo mosi, Ramadhani ikiisha. Mama mkwe akaenda Bagamoyo kualika ndugu, akaniachia mwaridi. "Umwagilie maji tu, mama. Mengine niachie mie."

Sasa mie nimekulia Kisarawe, kwenye mihogo. Muhogo ukizeeka unaukata, unachipua ule ule. Nikautazama mwaridi: juu vitawi vimekonda, majani yanapukutika. Chini, karibu na udongo, machipukizi manne yamenona, yanapanda kila siku. Nikasema, lo, hivi vya juu vinawanyonya watoto! Nikakata juu kote, nikatupa vijiti nyuma ya bafu. Mdomo nao haukutulia. Nikamwita jirani aje aone, nikamwambia kwamba mama mkwe akirudi lazima anitunze kanga. Eti fundi!

Alirudi siku ya nane. Nikampokea mzigo, shikamoo, marahaba, nikamvuta mkono mpaka uani. Akashika jani moja, akahesabu vijani vyake kwa kidole. Vilikuwa saba. Mwaridi wake ulikuwa na vitano.

"Hili ni shina la porini," akasema taratibu. "Wenyewe uko wapi?"

"Nimeukata, mama."

"Ulimwuliza nani?"

"Sikuuliza."

Akakaa chini kwenye mchanga, mtu mzima yule, na buibui lake la safari. Hakunipiga wala hakunitukana, na bora angenitukana. Alilia kidogo, akajifuta, akauliza vijiti nilivitupa wapi. Tukapekua takataka pamoja. Vingi vilishakauka, ila vitano vilivyoangukia kwenye majimaji ya bafu, ukivikwaruza gome, bado vibichi. Akavikata mshazari, akavichomeka kwenye kopo la mchanga, akavifunika bilauri, akaweka kivulini. Vinne vikafa, kimoja kikashika.

Lakini harusi ingengojea kijiti? Siku ilipofika, kikuba cha Zuhura kilikuwa asumini na rihani tupu. Mashangazi wakaanza kuulizana: waridi la marehemu liko wapi? Nikainamisha kichwa. Nilijua leo naumbuka, na ndoa yangu changa ndiyo basi tena. Mama mkwe akajibu bila kunitazama, "Mwaridi niliukata mie. Macho yangu siku hizi si mazima."

Wakamlaumu mbele za watu. Zuhura akamnunia mama yake, akaenda kwa mumewe Magomeni na kinyongo chake.

Kesho yake nikampigia magoti mama mkwe. Akaniambia, "Mie ni mama yake, siku moja atanisamehe. Wewe umekuja juzi, wangekutafuna. Ila siku nyingine uulize. Hata kama swali litakuonyesha mjinga, uulize."

Nikashukuru, nikanyamaza. Zuhura akawa haji kwao ila kwa msiba, na mie nikamtazama mama yake akimngojea kila Idi, nikaendelea kunyamaza. Woga tu, mwanangu.

Mwaka wa pili kijiti kikatoa maua matatu. Mama mkwe akayafunga kwenye kitambaa chenye maji, akaniambia nimpelekee Zuhura. Nikaenda Magomeni kwa miguu. Nilipomkabidhi, nikamwambia papo hapo nani aliyeshika panga. Akanitazama sana. Nilingoja kofi, nakwambia kweli. Akavaa buibui lake akasema, "Twende kwa mama." Alipofika uani hakusalimu hata, alimwangukia mama yake miguuni, na wote wawili wakalia kwa sauti.

Basi sikiliza. Ukikabidhiwa kitu cha watu, uliza kabla hujakigusa, usidhani mliyozoea kwenu ndiyo ya kila mahali. Na mtu akikufichia aibu, usimwache aibebe peke yake. Mwaridi ulipona. Ile miaka miwili ya mama na mwanawe sikuweza kuirudisha, na ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Mungu akujaalie wakwe wenye huruma kama wangu. Akupe ulimi mwepesi wa kuuliza, na ukikosea akupe ujasiri wa kusema siku ile ile, si kama mie. Nenda salama mwanangu, nimekuridhia.